Wally Byam: Yatima aliyeipa nyumba magurudumu

MNAMO mwaka wa 1959, wakazi wa vijiji vilivyo kando ya barabara kuu za Afrika walishuhudia kioja ambacho wengi wao hawakuwa wamekiona maishani. Nyumba 41 za alumini, zenye umbo la yai na kung'aa kama fedha iliyotoka punde kwa sonara, zilikuwa zikipita moja baada ya nyingine, kila moja ikikokotwa na gari.

Ndani ya nyumba hizo mlikuwa na vitanda, stovu, jokofu, bafu na choo. Wenyeji wake walikuwa Wamarekani 106, wengi wao wakiwa wazee waliostaafu, waliokuwa wametoka Cape Town nchini Afrika Kusini na kuazimia kufika Cairo nchini Misri bila kulala hotelini.

Aliyewaongoza alikuwa mwanamume wa miaka 63, mwenye kofia ya bereti ya buluu kichwani, ambaye alikuwa ametumia nusu ya umri wake akitafuta jawabu la swali moja: je, mtu anaweza kusafiri duniani kote na bado alale nyumbani kwake kila usiku?

Jina lake lilikuwa Wallace Merle Byam, ingawa ulimwengu ulimjua kama Wally Byam. Ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, ambayo matrela yake ya kuishi yangali yakiundwa katika jimbo la Ohio, Marekani, zaidi ya miaka 60 baada ya mauti yake.

Leo hii, Wamarekani wengi wameuza nyumba zao za mawe na mbao ili kuishi mwaka mzima katika matrela. Kila anayefanya hivyo hukabiliwa na maswali yale yale ambayo Byam aliyakabili miaka ya 1920: uzito, maji, nafasi, gharama na utulivu wa nyoyo za watakaoishi humo.

Byam alizaliwa Julai 4, 1896 katika mji wa Baker, jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani. Siku hiyo ndiyo Wamarekani huadhimisha uhuru wao, na yamkini haikuwa ajabu kwamba mtoto aliyezaliwa katika sherehe za uhuru alikua akichukia kufungwa mahali pamoja.

Malezi yake hayakuwa ya raha. Wazazi wake walitengana angali mdogo, na kabla hajawa mtu mzima kamili mauti yalikuwa yamemfanya yatima. Nyumba, kwa maana ya kuta nne ambamo baba na mama humngoja mtoto jioni, ni kitu ambacho hakukijua kwa muda mrefu.

Babu yake alikuwa akiongoza misafara ya nyumbu waliobeba mizigo milimani, na hadithi za safari hizo zilimwingia mjukuu damuni. Kisha, akiwa kijana, Byam alipata kazi ya kuchunga kondoo.

Mchungaji wa Oregon hakurudi nyumbani jioni kama afanyavyo mchungaji wa kijijini. Alifuata malisho milimani kwa majuma mengi. Kwa hivyo kijana huyo aliishi ndani ya mkokoteni mdogo uliovutwa na punda, ambamo mlikuwa na stovu ya mafuta taa, chakula, ndoo ya kuogea na blanketi za kulalia.

Mkokoteni huo ndio uliokuwa chuo chake cha kwanza. Humo alijifunza kwamba binadamu anahitaji vitu vichache mno ili aishi, mradi vitu hivyo viwe mahali pake na viwe karibu.

Baada ya kazi ya kondoo, Byam aliingia baharini na kufanya kazi katika meli za biashara kwa miaka kadhaa. Huko nako aliishi katika chumba chembamba ambamo kila kabati lilikuwa na kazi yake. Baharia hana anasa ya kupoteza nafasi, na mkosi wa kitu kisichofungwa vyema hujulikana dhoruba inapoanza.

Aliporejea nchi kavu alijiunga na Chuo Kikuu cha Stanford, California, ambako alihitimu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kisha akahamia Los Angeles na kujitosa katika uandishi wa matangazo ya biashara na uchapishaji wa majarida.

Ni uandishi huo uliomfikisha kwenye trela, tena kwa njia ya aibu. Jarida mojawapo kati ya aliyoyachapisha lilitoa makala iliyoonyesha jinsi ya kujijengea trela la kulalia. Wasomaji walioufuata mchoro huo walilalamika kwamba haukufaa.

Mchapishaji mwingine angeomba radhi na kuendelea na toleo lililofuata. Byam alichukua mchoro, akaujaribu mwenyewe kwa nyundo na msumeno, na akagundua kwamba wasomaji walikuwa na haki. Ndipo alipoamua kubuni trela lake mwenyewe.

Jaribio lake la awali lilikuwa hema lililosimikwa juu ya fremu ya gari aina ya Ford Model T. Kulisimamisha hema hilo kulikuwa kazi ya kuchosha, na mvua ilipowanyea, waliokuwa ndani hawakutofautiana sana na waliokuwa nje.

Mkewe wa kwanza, Marion, hakuipenda kabisa adha hiyo. Hakuona sababu ya mtu mwenye akili timamu kulala chini mfano wa mkimbizi, ilhali ana kitanda nyumbani. Alitaka jiko lake liandamane naye, la sivyo asingeandamana na mumewe.

Wanaume wengi wa enzi hizo wangalimwacha mke nyumbani na kwenda zao. Byam alirudi karakanani. Akaliondoa hema, akaweka mahali pake chumba kigumu chenye umbo la tone la maji, kisha akatia humo stovu ya mafuta taa na kasha la barafu la kuhifadhia chakula.

Kwa hakika, matakwa ya Marion ndiyo yaliyolipa trela la kisasa msingi wake. Laiti angalivumilia kimya kimya, huenda mumewe angaliridhika na hema lake.

Walipokuwa wakisafiri na chumba hicho, watu walisimama barabarani kukitazama. Byam aliandika makala kuhusu namna ya kukijenga kwa fedha kidogo, nayo ikachapishwa katika jarida la mafundi la Popular Mechanics. Maombi ya michoro yakamiminika, naye akawa anaiuza kwa posta.

Baada ya michoro, watu walianza kutaka matrela yenyewe. Byam aliyajenga uani kwake mjini Los Angeles hadi majirani walipochoshwa na kelele za nyundo. Mwaka wa 1931 alifungua karakana ya kukodi Culver City, na huo ndio mwaka ambao kampuni ya Airstream huuhesabu kuwa wa kuzaliwa kwake.

Haukuwa wakati mwema wa kuanzisha biashara. Soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka Oktoba 1929, mabenki yalikuwa yakifungwa na mamilioni ya Wamarekani walikuwa hawana kazi.

Hata hivyo, dhiki hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya watu wengi kuyatazama matrela kwa jicho jipya. Aliyepoteza shamba au nyumba kwa deni aliona kwamba trela halitozwi kodi ya ardhi, na kazi ikikosekana mji huu, mtu anaweza kulivuta hadi mji mwingine. Kwa wengine trela lilikuwa mapumziko ya wikendi, lakini kwa maelfu lilikuwa paa la pekee juu ya vichwa vyao.

Katika miaka hiyo Byam alifanya mageuzi ambayo leo huonekana madogo lakini yalikuwa makubwa. Matrela mengi ya zamani yalimlazimisha mtu ainame ndani kana kwamba yumo katika banda la kuku. Byam aliishusha sakafu katikati ya magurudumu na kuliinua dari, hivyo mtu mzima akaweza kusimama wima akipika.

Hatua iliyolifanya jina lake lidumu ilikuja mwaka wa 1936, nayo haikutokana na ubunifu wake peke yake. Haki inadai jina la mtu mwingine litajwe hapa: William Hawley Bowlus.

Bowlus alikuwa fundi wa ndege na nyiririko, ambaye alisimamia ujenzi wa ndege ya Spirit of St. Louis iliyombeba Charles Lindbergh kuvuka bahari ya Atlantiki mnamo Mei 1927. Mwaka wa 1934 alianza kuunda trela la alumini lililounganishwa kwa ribiti kama kiwiliwili cha ndege. Umbo lake liliukata upepo badala ya kupigana nao.

Tatizo lilikuwa kwamba Bowlus alikuwa fundi hodari lakini si mfanyabiashara. Biashara yake ilifilisika kabla ya miaka miwili kwisha. Byam, ambaye alijua kuuza, aliuchukua ubunifu huo na kuuboresha.

Miongoni mwa mengine, aliuhamisha mlango. Bowlus alikuwa ameuweka mbele, juu ya chuma cha kukokotea, hivi kwamba mtu alilazimika kuruka chuma hicho ili aingie. Byam aliuweka ubavuni. Ni marekebisho ya aina hiyo, yanayotokana na kuishi ndani ya kitu badala ya kukitazama tu, yaliyompa ushindi.

Trela hilo lilizinduliwa Januari 1936 kwa jina la Airstream Clipper. Liliweza kulaza watu wanne, lilikuwa na tangi lake la maji, taa za umeme, na meza ya chakula iliyogeuka kitanda usiku. Bei yake ilikuwa dola 1,200, fedha ambazo wakati huo zilitosha kununua gari jipya la kawaida na chenji ikabaki.

Licha ya bei hiyo, maagizo yalizidi uwezo wa kiwanda. Mamia ya waundaji wengine wa matrela waliozuka Marekani katika muongo huo walifunga milango yao, lakini Byam aliponea.

Kilichomfunga kiwanda kilikuwa vita. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu vya Pili vya Dunia mnamo Desemba 1941, alumini yote ilihitajika kuundia ndege. Byam alifunga karakana na kwenda kufanya kazi katika viwanda vya ndege, ambako alizidi kujifunza siri za chuma hicho chepesi.

Wakati huo huo, serikali ya Marekani ilinunua maelfu ya matrela kutoka kwa kampuni nyingine ili kuwapa makao wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Kwa familia nyingi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza ya kuishi katika trela majira yote, wakati wa baridi kali na wa joto. Mapungufu yakajitokeza: kuta nyembamba, ukosefu wa maji na vyoo vya kushirikiana nje.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1940, Byam alilifufua jina la Airstream. Mwaka wa 1947, mwendesha baiskeli wa Ufaransa, Alfred Letourneur, alipigwa picha akilikokota trela zima kwa baiskeli yake. Picha hiyo ilitangazwa kila mahali, na umbo la mwanabaiskeli huyo likawa nembo ya kampuni kwa miaka mingi.

Picha hiyo ilikuwa tangazo la biashara, lakini ndani yake kuna somo ambalo kila anayenunua nyumba ya magurudumu hulifikia, kwa hiari au kwa hasara. Swali la kwanza si uzuri wa mapazia wala idadi ya vitanda. Swali ni uzito, na kama gari lililopo linaumudu.

Wauzaji hutaja uzito wa trela likiwa tupu. Mnunuzi husahau kwamba atalijaza maji, mitungi ya gesi, vyombo, nguo, vitabu na vyakula, na hapo uzito hupanda kwa mamia ya kilo. Gari linaloweza kulivuta trela katika uwanda tambarare huenda likashindwa kulizuia kwenye mteremko. Mtoto wa mabaharia na nyumbu alilijua hilo: mzigo hupimwa kwa mnyama atakayeubeba.

Kuna pia suala la namna ya kuunganisha. Matrela ya Byam hushikwa na gololi ya chuma iliyo nyuma ya gari, mbinu ambayo humruhusu mwenye gari dogo la familia kulikokota. Aina nyingine, ambayo Wamarekani huiita gurudumu la tano, hushikwa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu, ndani ya sehemu ya kubebea mizigo.

Msomaji aliyewahi kusafiri katika barabara ya Mombasa hadi Malaba anaijua mbinu hiyo, kwani ndiyo inayotumika katika malori makubwa ya makontena. Katika nyumba za kuishi ilianzishwa na mwanzilishi mwingine wa usafiri wa angani, Glenn Curtiss, ambaye miaka ya mwisho ya 1920 aliunda trela la Aerocar huko Florida. Alifariki mwaka wa 1930, kabla ya Byam kufungua karakana yake.

Gurudumu la tano humpa mwenyeji nafasi kubwa na utulivu barabarani, maana uzito hukaa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu badala ya kulisukasuka kutoka nyuma. Ndiyo sababu wengi wanaoishi barabarani mwaka mzima hulipendelea. Gharama yake ni kwamba linahitaji pikapu yenye nguvu na huwa refu kwenda juu, hivyo madaraja ya chini na matawi ya miti huwa maadui.

Byam alichagua njia ya wepesi, na kuanzia mwaka wa 1951 akaamua kuijaribu hadharani. Alitangaza msafara wa kwenda Mexico na Amerika ya Kati, akitarajia matrela 35 hivi. Yakajitokeza 63.

Safari hiyo ilikuwa balaa. Barabara zilikuwa makorongo, ekseli zilivunjika, wasafiri wakagombana, na ni sehemu ndogo tu ya msafara iliyofika Nicaragua. Byam alirejea akiwa ameapa kutoongoza msafara mwingine tena.

Kiapo hicho hakikudumu. Kila ekseli iliyovunjika ilikuwa imemfundisha jambo ambalo wahandisi wa kiwandani wasingeligundua, na waliosahau magomvi walitaka kusafiri tena. Wakati huo kiwanda cha pili kilikuwa kimefunguliwa Jackson Center, Ohio, mwaka wa 1952, na kila hitilafu ya barabarani ikarekebishwa humo.

Mwaka wa 1955, wasafiri wake waliokutana Kentville, jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, waliunda chama kilichopewa jina lake. Mwaka uliofuata aliwaongoza wenzake kuzuru Ulaya.

Mnamo 1957 kampuni yake ilitoa trela la International, ambalo huenda ndilo lililokuwa kilele cha kazi yake. Lilijitosheleza: lilikuwa na maji ya moto, joto, taa na choo bila ya kuunganishwa na mabomba au nyaya za mahali popote. Mwenyeji wake aliweza kulala jangwani na kuamka akioga.

Ili kulithibitisha, Byam alichagua Afrika. Ndoto ya njia moja kutoka Cape Town hadi Cairo ilikuwa ya Cecil Rhodes, mkoloni aliyekufa mwaka wa 1902 bila kuiona reli aliyoitamani. Byam hakuwa na reli wala jeshi. Alikuwa na wastaafu na sufuria zao.

Mnamo 1959 msafara ulianza kupanda kuelekea kaskazini, Byam na mkewe wa pili, Stella, wakiongoza wakiwa na trela lenye rangi ya dhahabu. Walipita Rhodesia, wakaingia Kongo ya Wabelgiji ambako matope yaliwameza hadi ekselini, wakafika Uganda, kisha Kenya, na hatimaye Ethiopia, ambako Mfalme Haile Selassie aliwakaribisha.

Wageni hao waliikuta Afrika iliyokuwa katika mkesha wa mambo makubwa. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960, na machafuko yakafuata punde. Huko Afrika Kusini walikoanzia safari, polisi waliwaua waandamanaji 69 wa Sharpeville mnamo Machi 21, 1960, watu waliokuwa wakipinga sheria ya kubeba pasi.

Nchini Kenya, Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa katika siku zake za mwisho, lakini ilikuwa haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Kwa miaka hiyo yote, Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuweza kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali, na familia nyingi zilikuwa zimehamishwa kwa nguvu kutoka nyumba zao na kutiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki.

Hapo ndipo hadithi ya Byam inapata kivuli chake. Mgeni aliyevuka mipaka akiwa na kitanda, jiko na choo chake aliipita nchi ambayo mwenyeji wake hakuruhusiwa kuvuka mto bila karatasi. Uhuru wa kutembea, ambao msafara ule uliusherehekea kila jioni kwa chakula na nyimbo, ndio huo huo ambao waliosimama kando ya barabara walikuwa wakiupigania.

Byam hakuziweka sheria hizo na hakuwa mwanasiasa. Aliamini kwamba watu wa kawaida wakikutana uso kwa uso wataelewana, na wasafiri wake waliwafungulia milango wenyeji waliotaka kuona ndani. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walioingia waliona jinsi nyumba ndogo inavyoweza kupangwa, wakatoka wakisimulia.

Kutoka Kenya kwenda Ethiopia ilikuwa miongoni mwa sehemu ngumu zaidi. Aijuaye kaskazini mwa nchi hahitaji kuelezwa: mawe, vumbi na jua. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikuja kukamilika zaidi ya miaka 50 baada ya Wamarekani hao kupita.

Baada ya zaidi ya siku 200 na takriban kilomita 23,000, msafara uliwasili Misri. Matrela yalipangwa jangwani karibu na mapiramidi ya Giza na kupigwa picha ambayo ilizunguka dunia nzima: makaburi ya mawe yasiyosogea kwa miaka 4,500, na mbele yake vijumba vyepesi ambavyo kesho yake vingekuwa pengine.

Waliofika walikuwa na mikwaruzo, vioo vilivyopasuka na bawaba zilizolegea. Lakini walikuwa wamefika, na wengi walikuwa na umri ambao jamii ilikuwa imewaambia wakae kitini wangoje mwisho wao. Kwa Byam, hilo lilikuwa na uzito kuliko mauzo. Aliona kwamba mzee mwenye safari mbele yake huamka mapema.

Hakuishi kuona mengi zaidi. Saratani ya ubongo ilimshambulia, na Julai 22, 1962 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 66. Msafara wa kuizunguka dunia uliofanywa na wafuasi wake miaka ya 1963 na 1964 ulisafiri bila yeye.

Miaka saba baada ya kifo chake, Julai 1969, wanaanga Neil Armstrong, Edwin Aldrin na Michael Collins walirejea kutoka mwezini. Ilihofiwa kwamba huenda walibeba vijidudu visivyojulikana, hivyo walitengwa katika chumba kilichotengenezwa kutokana na trela la Airstream. Rais Richard Nixon aliwasalimu kupitia dirishani. Ubunifu wa mchunga kondoo wa Oregon ukawa nyumba ya kwanza duniani ya waliokanyaga mwezi.

Kampuni iliuzwa mwaka wa 1967 kwa shirika la vyakula la Beatrice Foods, ikazorota ubora, kisha ikanunuliwa na wawekezaji wapya mwaka wa 1980 na kuhuishwa. Matrela mengi ya enzi za Byam yangali barabarani, na yanayouzwa kwa mnada huvutia wakusanyaji.

Hata hivyo, sifa hizo zisimpumbaze anayedhani nyumba ya magurudumu ni njia rahisi ya kukwepa gharama. Ploti aghalabu hupanda thamani kadiri miaka inavyopita. Trela, kama gari, huanza kupoteza thamani siku linapotoka dukani. Anayeliishi kila siku hulipa mafuta, bima, matengenezo na maegesho, na tangi la maji machafu humngojea alimwage hata siku ya sikukuu.

Ndiyo maana wazoefu humshauri mnunuzi akodi kwanza na kukaa humo majuma kadhaa, tena wakati wa mvua. Humshauri akaguze paa na sakafu kwa fundi huru, kwani maji yanayopenya polepole huliua trela kutoka ndani kabla dalili haijaonekana nje. Humshauri asimame jikoni, alale kitandani na akae chooni kabla ya kutia saini. Yote hayo ni mambo ambayo Marion alimlazimisha mumewe kuyafikiria karibu miaka 100 iliyopita.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akastaajabu mtu mzima kuuza nyumba yake na kuzeeka barabarani. Huku kwetu mtu asiyejenga nyumbani husimangwa hata kaburini. Mizizi ndiyo heshima, na anayehamahama huulizwa ametoka wapi.

Lakini bara hili lina wafugaji ambao tangu jadi hubomoa nyumba zao asubuhi, wakazipakia juu ya ngamia, na jioni wakazisimamisha kwenye malisho mapya. Warendille na Wagabra wa kaskazini mwa Kenya hawakuhitaji kufundishwa na Mmarekani kwamba nyumba inaweza kutembea. Matrela ya fedha yalipoelekea Ethiopia mwaka ule, huenda yalikuwa yakipita katika nchi ya watu waliolielewa wazo hilo kuliko majirani wa Los Angeles waliokereka kwa kelele za nyundo.

Byam alianza maisha bila nyumba, na akafa akiwa amewapa nyumba maelfu ya watu. Mkokoteni wa punda ulikuwa umemfundisha kwamba nyumba ni mahali ambapo mtu hupata moto wa kupikia, maji ya kunawa, pa kulaza ubavu na mwenzi wa kuzungumza naye. Vingine vyote, kwa maoni yake, vilikuwa mzigo, na mzigo hupimwa kabla ya safari.